Mtandao hausumbui: niliyoyaona kwenye seva za Tanga

Ukisimama kaunta yoyote Tanga mjini, iwe ya kununulia mabati, ya kulipia bili au ya kukatia tiketi ya basi, mhudumu akikwama atakupa jibu lilelile: "Mtandao unasumbua." Mimi natunza seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia zile za kaunta, za wafanyabiashara wa mji huu, na ni mara chache nimekuta mtandao ndio wenye kosa. Kompyuta ya kaunta na seva viko jengo moja. Ukiipigia seva ping, yaani kiujumbe cha kupima kama inaitika, jibu linarudi chini ya milisekunde moja. Kinachosumbua ni kwamba seva imepewa kazi isiyo na maana, nayo inaifanya yote kwa utii, huku mteja amesimama na jua la saa saba mgongoni.

Mengi nitakayosimulia yametoka kwa mteja wangu mmoja, ghala la vifaa vya ujenzi lililoko Ngamiani: saruji, nondo, mabati, rangi, misumari. Wana matawi Muheza, Korogwe na Handeni. Mfumo wao wa mauzo na madeni umeandikwa kwa lugha ya PHP na kanzidata yake, yaani programu inayotunza kumbukumbu zote kwenye majedwali, ni MySQL, kama ilivyo mifumo mingi ya biashara za kati huku kwetu. Mzee mwenye ghala aliniita akiwa na profoma mezani, ya seva mpya yenye bei ya kutisha, aliyoletewa na muuzaji kutoka Dar es Salaam.

"Mwanangu, hii itatuponya?"

"Shikamoo mzee. Nipe nafasi kwanza nione hii uliyonayo inafanya nini kutwa nzima."

"Marahaba. Lakini usinicheleweshe, bei yake ina mwisho."

MySQL inayo logi, yaani faili la kumbukumbu, ya kuandika maswali yanayochelewa, yaani yale ambayo programu inaiuliza kanzidata na jibu likakawia. Huja ikiwa imezimwa. Hata ukiiwasha, kipimo chake cha awali ni sekunde 10, maana yake swali la sekunde 9 halionekani popote. Sasa sekunde 9 pale kaunta ni muda wa kutosha mteja kuchomoa simu na kuulizia bei duka la jirani. Nilishusha kipimo hadi nusu sekunde nikaiacha logi ikusanye, kukiwamo Jumamosi, siku ambayo mafundi wanalipwa na kuja kununua, na kukiwamo mwisho wa mwezi.

Watu wengi wakifungua logi hiyo macho yanakimbilia swali lililochukua muda mrefu kuliko yote. Kwa ghala hili lilikuwa ni ripoti ya mwezi ya mhasibu, iliyokuwa ikila karibu dakika nzima. Mhasibu anaiwasha, anakwenda kunywa chai, anarudi imeshatoka. Hiyo niliiacha kama ilivyo. Nilichofanya ni kujumlisha muda wa kila aina ya swali kwa siku, kazi ambayo zana kama mysqldumpslow au pt-query-digest zinaifanya vizuri, na hapo picha ikageuka. Lililoongoza ni kiswali cha sekunde moja na ushei tu, ila kinaulizwa kila anapoingia mteja.

Kabla ya kukigusa nilivuta kiti nikakaa kaunta, nyuma kidogo ya dada anayepokea malipo. Hili naliona wenzangu wengi wanalipuuza. Wanataka kila kitu wakijue kwa kuingia kwenye seva toka nyumbani. Dada yule alinionyesha kwa muda mfupi ambacho logi isingenieleza. "Kaka, hapa ndipo inapoganda, nikitafuta mteja kwa namba ya simu. Ikiganda nabonyeza tena." Anabonyeza tena! Kila akibonyeza, swali jipya linakwenda, na lile la kwanza halijafa. Kivinjari kimelisahau lakini MySQL inaendelea nalo hadi mwisho. Mteja mmoja anageuka maswali manne yanayogombea diski moja. Ndiyo maana mfumo ulikuwa haupungui kasi kidogokidogo watu wakiongezeka, bali unakwenda vizuri hadi kufika idadi fulani halafu unalala kabisa.

Basi nikaliendea hilo swali la simu. Ghala linawatambua mafundi na wadeni kwa namba za simu, kwa sababu kwa majina hutatoka. Akina Hamisi na akina Mwanaidi wamejaa mji mzima. Safuwima ya simu imehifadhiwa kama maandishi, na ndivyo inavyotakiwa, maana namba inaanza na sifuri na ukiihifadhi kama tarakimu sifuri inapotea. Indeksi, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, ilikuwepo juu ya safuwima hiyo. Aliyeandika mfumo alifanya kazi nzuri hadi hapo. Nilipoliwekea swali amri ya EXPLAIN mbele yake, ili MySQL iniambie itapita njia gani bila kulitekeleza, ilinijibu kwamba indeksi inaiona, inaitaja kabisa kwenye orodha ya zinazowezekana, ila haitaitumia. Itasoma jedwali zima la wateja mstari kwa mstari. Kwenye safu ya type iliandika ALL. Ukiliona neno hilo kwenye jedwali kubwa linaloulizwa kila dakika, umeshapata pa kuanzia.

Sababu ilikuwa alama mbili ndogo. Programu ilituma namba ya simu bila kuizungushia alama za kufungia maandishi, kwa hiyo MySQL ikaipokea kama tarakimu. Upande mmoja maandishi, upande mwingine tarakimu: ili ivilinganishe, inabidi igeuze maandishi ya kila mstari kuwa tarakimu kwanza. Indeksi imepangwa kwa mfuatano wa maandishi, na maandishi tofauti yanaweza kuwa tarakimu moja: "0712…", "712…", hata yenye nafasi mbele, yote yakigeuzwa yanakuwa kitu kimoja. Indeksi haiwezi kujua pa kuyatafuta yote hayo, kwa hiyo inawekwa kando. PostgreSQL, kanzidata nyingine, ingekataa swali kama hilo papo hapo na kurudisha kosa; MySQL ni mpole, inakukubalia halafu unalipa kwa muda.

Niliweka zile alama. Swali likashuka hadi chini ya milisekunde moja. Na asubuhi yake simu yangu haikupumzika, kwa sababu baadhi ya wateja "wamepotea".

Hawakupotea. Tawi moja lilikuwa likiandikisha wateja bila sifuri ya mwanzo, na ule ulinganishaji wa kitarakimu ulikuwa ukilificha jambo hilo kwa kuwapata wote. Wengine waliandikwa kwa 255, wengine kwa alama ya kujumlisha na 255. Kulikuwa na mafundi wenye akaunti mbili, deni huku na malipo kule, na mzee akiwaona wadeni sugu watu ambao walishalipa Korogwe. Kazi ya kusafisha ilikuwa ndefu kuliko kazi ya kuharakisha: kila namba ikaandikwa kwa umbo moja, kuanzia 255, programu ikafundishwa kugeuza chochote atakachoandika mhudumu kabla ya kuhifadhi, na akaunti pacha zikaunganishwa moja moja huku mhasibu ameketi pembeni na daftari lake. Usiunganishe akaunti za fedha kwa amri moja kubwa ya usiku, hata ukijiamini vipi.

Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo nawaeleza indeksi kwa barabara za Ngamiani. Barabara zetu zina namba, na nyumba ziko ndani ya barabara. Mtu akikwambia "Barabara ya 14, nyumba ya bati jekundu", unakwenda moja kwa moja. Akikwambia "nyumba ya bati jekundu" tu, itabidi upite barabara zote. Indeksi ya safuwima mbili, tawi kisha tarehe, iko hivyohivyo: inamfaa anayejua tawi, inamfaa zaidi anayejua tawi na tarehe, ila anayejua tarehe peke yake haimsaidii. Kwa hiyo mpangilio wa safuwima ndani ya indeksi unautoa kwenye maswali yanayoulizwa kweli, huuamui kwa kukisia. Na usiweke indeksi kila mahali, kwa sababu kila mauzo yakiandikwa indeksi zote za jedwali hilo nazo lazima ziandikwe. Ghalani tulifuta kadhaa ambazo hakuna swali lililokuwa likizitumia.

Ukurasa wa madeni ulikuwa na ugonjwa mwingine, wa kawaida mno kwenye mifumo iliyoandikwa kwa haraka. Programu inaomba orodha ya wadeni, halafu kwa kila mdeni inarudi kanzidata kuuliza salio lake. Wadeni 300, maswali 301. Kila moja ni dogo na logi ya maswali yanayochelewa hailioni hata moja. Utaligundua tu ukihesabu maswali kwa kila ukurasa unaofunguliwa. Dawa yake ni swali moja linalounganisha majedwali mawili na kujumlisha kwa kila mteja.

Sasa nije kwenye saa, jambo ambalo limenichekesha na kunikera kwa wakati mmoja.

Kila siku ya kazi, ikifika saa tano asubuhi, mfumo wa ghala ulikuwa unasimama kwa dakika kadhaa. Watu walishazoea. Wengine walisema ni kampuni ya simu inapunguza kasi, wengine wakasema ni umeme kuwa mdogo kwa sababu ya mashine za kuchomelea za jirani. Nilipoingia wakati uleule na kutoa amri ya SHOW PROCESSLIST, inayoonyesha maswali yaliyoko njiani, nikakuta foleni ya maswali ya kuandika mauzo, yote yanasubiri kufuli la jedwali. Aliyelishika kufuli ni mysqldump, programu ya kuchukua nakala.

Nani anachukua nakala saa tano asubuhi? Nikafungua crontab, orodha ya kazi ambazo seva inazifanya yenyewe kwa saa zilizopangwa. Mzee alimwambia fundi aliyenitangulia kwamba nakala ichukuliwe saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Fundi akaandika 8. Saa ya crontab inaanza usiku wa manane kwa sifuri, kwa hiyo saa nane yetu ya usiku ni 2. Isitoshe, seva ilikuwa imewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa 8 ya UTC ni saa tano kamili asubuhi Tanga, kaunta imejaa. Na kwa kuwa mysqldump ikiendeshwa bila nyongeza yoyote hufunga majedwali ili nakala isipishane, hakuna aliyeweza kuandika mauzo mpaka imalize.

Marekebisho yalikuwa mawili: kuweka saa inayotakiwa, na kuongeza --single-transaction, ambayo kwa majedwali ya InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, inachukua picha ya kanzidata ilivyo kwa wakati mmoja bila kumzuia anayeandika. Tangu hapo namba yoyote ya saa inayokwenda crontab naiandikia maelezo mstari wa juu yake kwa saa ya Kiswahili, "saa nane usiku, Tanga", ili atakayekuja baada yangu asihangaike.

Suala hilohilo la UTC lilijitokeza kwa mteja mwingine, duka la nguo. Kumi la mwisho la Ramadhani maduka ya nguo hayafungi mapema. Watu wanatoka tarawehe wanakuja kununua za Idd, na saa sita ya usiku inapita duka likiwa wazi. Siku kwa seva ilikuwa inabadilika saa tisa usiku, si saa sita. Nikadhani mwenye duka atataka tuirekebishe. Akanikatalia. "Mwanangu, siku yangu inaisha nikifunga duka, haiishi kwenye kalenda yako." Na kwa hesabu zake za fedha taslimu alikuwa na haki. Tukaongeza safuwima ya siku ya biashara, inayojazwa mhudumu anapofungua zamu, tukaiwekea indeksi, na ripoti zote zikaisoma hiyo. Likapatikana na jambo la ziada: ripoti za zamani zilikuwa zinatumia DATE(), amri ya kutoa tarehe ndani ya muda, juu ya safuwima ya muda ili kupata mauzo ya leo, na ukishaivisha safuwima kitu kama hicho indeksi yake ya kawaida haitumiki. Palipobaki panahitaji muda halisi tuliandika kuanzia saa fulani hadi kabla ya saa fulani, na indeksi ikarudi kazini.

Upande wa mashine yenyewe sitakawia sana, ingawa ndiko watu wanakoanzia. Seva ya ghala ilikuwa na memori ya gigabaiti 16. InnoDB, ambayo ndiyo injini ya kawaida ya MySQL tangu toleo la 5.5, hutunza kurasa za data kwenye memori ili isirudi diski kila mara, na ukubwa wa eneo hilo, innodb_buffer_pool_size, huja ukiwa megabaiti 128. Hakuna aliyeugusa. Gigabaiti 16 zimekaa, kanzidata inajibana kwenye kijisehemu, na diski inafanya kazi ya punda. Na ilikuwa diski ya kuzunguka, mizunguko 7,200 kwa dakika, ambayo mzunguko mmoja tu unachukua zaidi ya milisekunde 8. Ukisoma hapa na pale juu yake hupati zaidi ya mara mia moja hivi kwa sekunde. Nilitoa gigabaiti 8 kwa InnoDB, si zaidi, kwa sababu PHP na seva ya wavuti viko mashine hiyohiyo. Ukiwa mroho memori itakwisha, na Linux, mfumo wa uendeshaji wa seva, ikiishiwa memori inachagua programu ya kuua. Mara nyingi inaichagua ile kubwa, na kubwa ni MySQL. Mzee akanunua SSD moja, diski isiyozunguka. Profoma ya seva mpya ikabaki kwenye droo.

Kulikuwa na siku mfumo unakataa kabisa na kusema miunganisho imezidi. Kiwango cha awali ni miunganisho 151, na muunganisho usiofanya kitu huachwa hai kwa sekunde 28,800, yaani saa nane nzima. Mji huu wenyewe tunasema waja leo waondoka leo. Miunganisho yetu ilikuja ikakataa kuondoka. Wengi watakwambia ongeza idadi hadi 500. Mimi niliona bora kutafuta ni programu gani inafungua bila kufunga, na ikawa ni kiprogramu cha kutuma SMS za kukumbusha madeni.

Kwenye joto na umeme nitakaa kidogo, maana vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Seva ya ghala ilikaa stoo, dirisha likitazama magharibi. Wahandisi wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wataalamu wa viyoyozi, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Februari, Tanga, stoo imefungwa, utazipata wapi nyuzi 27? AC ilikuwepo, ila jenereta ilipowekwa fundi umeme aliunganisha taa, kaunta na seva. AC akaiacha nje ili jenereta isilemewe. Umeme ukikatika mchana, seva inaendelea, joto linapanda, na prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Malalamiko ya uzito yalikuja mchana, siku za kukatika umeme tu, na kwenye maswali hakuna kilichobadilika. Ukiangalia logi za kanzidata peke yake hutalijua hilo mpaka kiama. Weka kipimajoto, na joto la prosesa liandikwe kwenye grafu moja na muda wa maswali. Na kwa wenye ofisi Raskazone, karibu na bahari: chumvi ya hewani inakula viunganishi vya chuma, kwa hiyo madirisha ya chumba cha seva yasiachwe wazi hata upepo wa kusi ukivuma vizuri namna gani.

Kuna ushauri unaozunguka sana, wa kuweka mpangilio wa MySQL uitwao innodb_flush_log_at_trx_commit uwe 2 badala ya 1 ili uandishi uwe mwepesi. Ni kweli unakuwa mwepesi, hasa kwenye diski ya zamani. Lakini 1 maana yake kila muamala ukikubaliwa umeshafika diski. 2 maana yake umefika kwa mfumo wa uendeshaji, na kuteremshwa diski ni kila baada ya sekunde moja hivi. Umeme ukikatika ghafla, mauzo ya sekunde hiyo yanaweza kuwa yametolewa risiti na kanzidata haiyajui. Kwa mji wa umeme wetu mimi huacha 1 kwa chochote kinachogusa fedha, na naweka UPS, betri ya akiba, yenye waya wa mawasiliano hadi kwenye seva, ili betri ikikaribia kwisha seva ijizime kwa utaratibu. UPS nyingi nilizozikuta zina waya huo ndani ya boksi, haujafunguliwa hata mfuko.

Nakala za ghala zilikuwa zinahifadhiwa kwenye diski ileile ya kanzidata. Hilo halihitaji maelezo. Sasa nakala moja inakwenda tawi la Muheza kila usiku, na kila mwezi tunairudisha yote kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa imetupwa, kisha mhasibu analinganisha jumla ya madeni na ya seva halisi. Asipopata jumla ileile, kwangu mimi nakala haipo.

Mtu mwingine, mwenye nyumba za wageni Pangani, alikuwa na mfumo wake wa kuwekea nafasi kwenye seva ya kukodi Ujerumani, na programu yenyewe ikiendeshwa kwenye kompyuta ya mapokezi. Kutoka huku hadi Ujerumani ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwanga ndani ya nyuzi unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake hakuwezi kupungua milisekunde 60, na njia halisi ya mikongo inazunguka, ikawa zaidi ya mara mbili ya hapo. Swali moja hulisikii. Ukurasa unaouliza maswali mia, mmoja baada ya mwingine, ni sekunde 15 na hakuna indeksi itakayokusaidia. Nilikuwa nimeshamshauri aihamishie kanzidata karibu, akawa anasitasita, ndipo Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Wageni wamesimama mapokezi na mabegi, majina yao yako Ujerumani. Alirudi kwenye daftari. Sasa kanzidata yake kuu iko mapokezi, na ile ya mbali inafuata nyuma kama nakala hai. Nikamsisitizia kwamba nakala hai haifuti haja ya nakala ya kila usiku: mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, kufutwa huko kunaifuata ng'ambo ndani ya sekunde.

Jingine dogo. Ukiambiwa diski imejaa, ukafuta logi kubwa na df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, bado inasema imejaa, usiendelee kufuta. Programu iliyokuwa ikiliandika faili hilo bado imelishikilia, na nafasi haitaachiliwa mpaka ifungwe au ifungue faili jipya. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha mshikaji. Nimeona mtu akifuta hadi vitu vya maana kwa kutolijua hilo.

Na tabia ya zima-washa. Ghalani kijana wa stoo alikuwa amepewa ruhusa ya kuizima seva kila ikiganda. Ikiwaka kweli inakuwa nyepesi, kwa sababu foleni yote imekufa. Lakini orodha ya nani alikuwa anamsubiri nani nayo imekufa, na memori inaanza kujazwa upya. Nikambadilishia kazi. Ikiganda, anabonyeza kitufe kimoja kinachohifadhi orodha ya maswali yaliyoko njiani, hali ya diski na ya memori kwenye faili lenye saa, ndipo anipigie.

Kilichobaki mpaka sasa ni kutafuta bidhaa kwa jina. Mfumo ulikuwa unatafuta kwa LIKE, amri ya kulinganisha sehemu ya neno, yenye alama ya asilimia (maana yake "chochote") mbele na nyuma, na ile ya mbele inaifunga indeksi mikono. Tukahamia kwenye indeksi ya matini nzima, inayoorodhesha kila neno la jina. Ikawa nyepesi, ila "nondo 12" ikaleta nondo zote, kuanzia za milimita 8 hadi 25, maana InnoDB haiweki kwenye indeksi hiyo neno lenye herufi chini ya tatu, na "12" ni mbili. Ungeweza kushusha kiwango, lakini ni lazima kuzima kanzidata na kujenga indeksi upya, halafu inajaa vijineno visivyo na kazi. Tumeamua kipimo kitoke kwenye jina, kiwe safuwima yake ya tarakimu. Handeni wameshamaliza kuhamisha bidhaa zao. Korogwe bado wanaandika "nondo 12mm" kwa mazoea, na pia tumewatengenezea jedwali la majina ya mtaani, ili atakayeandika simenti aletewe saruji. Mhudumu wa Muheza ndiye anayelijaza, kwa sababu ndiye anayejua mafundi wanakiitaje kila kitu.